Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa Herufi Zilezile: Dalili za Mkanganyiko, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuurekebisha

Karani anayeandaa nyaraka za zabuni, muuguzi anayesoma faili la mgonjwa, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili na mfasiri wa taarifa za mahakama hukutana na tatizo lilelile kwa sura tofauti. Macho yanaliona neno la Kiingereza, yanazitambua herufi zake za mwanzo, na maana inayokuja akilini ni ya neno jingine linaloanza vilevile. *Economical* inasomwa kana kwamba ni *economic*, *considerate* inachukuliwa kuwa *considerable*, na *prosecute* inaandikwa *persecute* katika barua itakayosomwa na wakili. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kukariri zaidi, na ushauri huo huwakatisha tamaa watu wenye bidii, kwa sababu mkanganyiko huu una vyanzo kadhaa visivyofanana na kila chanzo kina dawa yake.

Kwanza baini kosa lilitokea wapi

Unapogundua kwamba umechanganya maneno mawili, iandike sentensi nzima ambamo kosa lilitokea, kisha jiulize kama ulikuwa unasoma, unasikiliza, unazungumza au unaandika. Mtu anayelielewa neno kwenye karatasi lakini akalikosa katika mazungumzo ana tatizo la matamshi. Anayelielewa kwa macho na kwa masikio lakini akaliandika vibaya ana tatizo la tahajia. Anayelikosea hata akiwa ametulia, karatasi iko mbele yake na muda anao, bado hajaijua maana yenyewe, na huyo ndiye anayehitaji kuchunguza viambishi na asili ya neno.

Inafaa pia kuelewa kwa nini mwanzo wa neno una nguvu kiasi hiki. Mwaka 1978 William Marslen-Wilson na Alan Welsh walichapisha utafiti kuhusu namna msikilizaji anavyoyatambua maneno ndani ya mazungumzo, na wazo lililotokana na kazi hiyo ni kwamba sauti za mwanzo huamsha akilini kundi zima la maneno yanayoanza hivyo, kisha kila sauti inayofuata huyaondoa yasiyolingana nayo mpaka libaki moja. Anayesikia *capt-* bado ana *captain*, yaani nahodha, na *captive*, yaani mateka, na ni sauti zinazofuata zitakazoamua. Mzungumzaji mzoefu hufanya mchujo huo bila kujua. Mwanafunzi anayelijua neno moja tu katika kundi hilo hana cha kuchuja, hivyo hulichukua lile alilonalo na kuendelea mbele akiamini ameelewa.

Batia Laufer wa Chuo Kikuu cha Haifa, ambaye katika miaka ya 1980 aliyachunguza maneno yanayofanana umbo na kuyapa jina la *synforms*, aliyapanga kwa kuangalia ni sehemu ipi hasa inayotofautiana: kiambishi, irabu au konsonanti. Mpango wa namna hiyo unamfaa sana anayetaka kujirekebisha, kwa sababu unamlazimisha aulize tofauti iko wapi kabla hajauliza maana ni ipi.

Shina unalijua, lakini maana inateleza mwishoni mwa neno

Hili ndilo eneo lenye makosa ya siri zaidi, kwa kuwa msomaji hana shaka yoyote. Chukua sentensi inayosema kwamba *three successive candidates* walikataa kazi. Anayeliona *success* mwanzoni huelewa kwamba ni waombaji watatu waliofaulu, wakati sentensi inasema waombaji watatu waliofuatana, mmoja baada ya mwingine. Chanzo kiko ndani ya kitenzi *succeed*, ambacho kina maana mbili hadi leo: kufaulu, na kumfuata mtu katika nafasi yake, kama mtoto anavyomrithi mfalme. Maana hizo mbili ziligawana viishio: *successful* ilichukua kufaulu, *successive* ikachukua kufuatana. Ukishajua kwamba mzazi ni mmoja mwenye maana mbili, watoto hawakuchanganyi tena.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kuogopa viishio, kwa kuwa lugha yake inavitumia kutwa nzima. Kutoka *pika* tunapata *pikia*, *pikisha*, *pikwa* na *pikika*, na hakuna anayezichanganya. Kiishio *-ble* cha Kiingereza mara nyingi hufanya kazi inayokaribiana na ile ya *-ik-* au *-ek-*: *readable* ni kinachosomeka, *breakable* ni kinachovunjika, *comprehensible* ni kinachoeleweka. Kiishio *-ive*, kwa upande wake, mara nyingi hukipa kitu sifa ya kutenda jambo, na kwa hiyo *comprehensive* ni kinachojumuisha mambo yote. Bima ya gari inayoitwa *comprehensive*, ambayo madereva wengi huiita bima kubwa, imepewa jina hilo kwa sababu inafidia pia gari la mwenye bima badala ya kuishia kwenye madhara aliyowasababishia wengine. Urahisi wa kuielewa hauhusiki hapo kabisa.

Kanuni hiyo ina mipaka, na ni heri kuijua mapema. *Sensible* ni mtu mwenye busara na *sensitive* ni mtu mwepesi wa kuumia au jambo lililo nyeti. *Considerable* ni kiasi kikubwa na *considerate* ni mtu anayewajali wenzake. Katika maneno haya kiishio hakikupeleki kwenye maana, na dawa yake ni kujifunza neno likiwa pamoja na jirani yake wa kawaida. Usiandike *considerable* peke yake kwenye daftari; andika *a considerable amount of money*. Usiandike *considerate* peke yake. Andika *a considerate neighbour*. Fedha haiwezi kuwajali watu, na jirani hapimwi kwa kiasi, hivyo kila kifungu kinailinda maana yake chenyewe.

Njia hiyo inafaa sana kwa maneno yanayoishia *-ic* na *-ical*. *Economic growth* ni ukuaji wa kiuchumi. *An economical car* ni gari linalokula mafuta kidogo. Serikali inaweza kuwa na *economic policy* isiyo *economical* hata kidogo. *Historic* na *historical* huwasumbua hata waandishi wa habari wazoefu: risiti ya dukani ya mwaka 1950 iliyohifadhiwa kwenye nyaraka ni *historical*, kwa sababu inahusu zamani, lakini 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru, ni siku *historic*, kwa sababu ilibadili mkondo wa mambo. *Industrial* ni ya viwanda na *industrious* ni mchapakazi, na barua ya kumpendekeza mtu kazini inayomwita *industrial* haimsaidii.

Hapa kuna onyo moja kwa walimu na kwa wanaojifunza wenyewe. Maneno mawili yanayofanana, yote yakiwa mageni, hayafai kufundishwa ubavu kwa ubavu siku moja, ingawa vitabu vingi vya mazoezi hufanya hivyo. Mwanafunzi hutoka darasani akikumbuka kwamba kuna maneno mawili na maana mbili, lakini hakumbuki ipi ni ya lipi. Ni bora neno moja likae kwanza, litumiwe katika sentensi na katika kusoma, na la pili liletwe baadaye kama kitu kipya kinachotofautiana na kile kinachojulikana.

Kiambishi awali kinaonekana kimoja, kumbe ni viwili

Dalili ya tatizo hili ni kwamba umeifuata kanuni kwa uaminifu na bado umepata jibu lisilo sahihi. Mfano wenye hatari zaidi ni *inflammable*. Aliyejifunza kwamba *in-* hukanusha, kama katika *invisible* na *incorrect*, ana kila sababu ya kudhani kwamba dumu lililoandikwa *inflammable* lina kitu kisichowaka moto, wakati maana yake ni kwamba kinawaka upesi. Neno hili linatokana na kitenzi cha Kilatini *inflammare*, yaani kuwasha moto, ambamo *in-* si ya kukanusha bali ni ile ya kuingia au kutia ndani, inayoonekana pia katika *inject*, *inhale* na *include*. Hatari hiyo haikuwapata wageni peke yao. Nchini Marekani chama cha kuzuia moto, National Fire Protection Association, kilianza katika miaka ya 1920 kuhimiza matumizi ya *flammable* badala yake, na mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ikatoa pendekezo la namna hiyo. Leo maneno yote mawili yana maana moja, na kisichowaka huitwa *nonflammable*. Kwenye lebo unayoiandika wewe, tumia *flammable* daima.

Linganisha na *invaluable*, ambamo *in-* ni ya kukanusha kweli, lakini kinachokanushwa ni uwezekano wa kukadiria thamani: msaada *invaluable* ni msaada wa thamani isiyopimika. Asiye na thamani kabisa ni *valueless* au *worthless*.

Kiambishi hiki kina tabia nyingine inayowapoteza wengi, nayo ni kubadilika kufuatana na herufi inayofuata: *impossible*, *illegal*, *irregular*. Anayesema Kiswahili anaijua tabia hii bila kufundishwa, kwa kuwa husema *nyumba nzuri* lakini *nyumba mbaya*, na *-refu* ikawa *ndefu*. Kwa hiyo unapoona *im-*, *il-* au *ir-*, fikiria kwanza kwamba ni *in-* iliyovaa vazi jingine, kisha uliza ni *in-* ipi: ile ya *impossible*, inayokanusha, au ile ya *import*, inayoingiza.

Viambishi vingine vimefanana kwa sababu Kiingereza kiliazima kutoka Kilatini na Kigiriki kwa pamoja. *Ped-* ya Kilatini ni mguu, na kutoka humo tunapata *pedal*, *pedestrian* na *pedicure*. Lakini *pediatrician*, daktari wa watoto, ametoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mtoto, na ndiye pia aliye ndani ya *pedagogy*. Tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, *paediatrician*, ina faida ya kuitunza tofauti hiyo, na ndiyo ningeipendelea kwa anayejifunza. *Bi-* ya Kilatini ni mbili, kama katika *bicycle* na *bilingual*, ilhali *bio-* ya Kigiriki ni uhai, kama katika *biology* na *biography*.

*Ante-* ni kabla na *anti-* ni dhidi ya. Kibao cha kliniki ya wajawazito kinapaswa kusomeka *antenatal*, yaani kabla ya kuzaliwa. Kikiandikwa *antinatal* kinatangaza upinzani dhidi ya uzazi mahali ambapo mama amekuja kusaidiwa kujifungua salama. Kwa bahati mbaya *anticipate*, kutarajia, inatokana na *ante* ingawa tahajia yake inasema vingine, na hilo ni la kukariri tu.

Yapo pia maneno yaliyo majirani katika kamusi pasipo undugu wowote. *Pandemic* ina *pan-* ya Kigiriki, yaani -ote, lakini *pantry*, stoo ya chakula, imetoka kwenye neno la Kilatini la mkate, na *pancake* ni keki ya kikaangoni. Ukitafuta maana ya -ote ndani ya *pantry* utapoteza muda. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, si kwa ukoo, na kukaa ukurasa mmoja si ushahidi wa kitu chochote.

Tofauti ni herufi chache, na makosa yake ni makubwa

*Prescribe* ni kuagiza au kumwandikia mgonjwa dawa. *Proscribe* ni kupiga marufuku. Kitabu kilicho *prescribed* lazima kisomwe, na kilicho *proscribed* hakiruhusiwi kusomwa. *Prosecute* ni kumshtaki mtu mahakamani, kazi halali ya ofisi ya mashtaka, na *persecute* ni kumtesa au kumwandama mtu, mara nyingi kwa sababu ya imani au siasa yake. Taarifa inayosema kwamba dola itam-*persecute* mtuhumiwa inaishutumu dola bila mwandishi kukusudia.

Katika hospitali tatizo hili linagusa uhai. *Hyper-* ni kuzidi na *hypo-* ni kupungua, na katika matamshi ya haraka sauti hizi mbili hukaribiana mno. Kiswahili kimeitatua shida hii kwa uwazi wa kupendeza: watu husema presha ya kupanda na presha ya kushuka, sukari ya kupanda na sukari ya kushuka, na hakuna namna ya kuzichanganya. Mgonjwa mwenye *hypoglycaemia* anahitaji sukari upesi. Mwenye *hyperglycaemia* akipewa sukari hali yake huzidi kuwa mbaya. Ninawasihi wanaofanya kazi wodini waendelee kutumia kupanda na kushuka wanapoambizana kwa mdomo, na wayaachie maneno ya Kigiriki karatasi.

Wataalamu wa dawa wamekabiliana na hali hii kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa lugha anaweza kuiazima. *Chlorpromazine* hutumika kutibu magonjwa makubwa ya akili na *chlorpropamide* hushusha sukari mwilini, lakini majina hayo yana herufi nane za mwanzo zilezile. Nchini Marekani mamlaka ya dawa, FDA, ilianza mwaka 2001 kuwataka watengenezaji waandike sehemu inayotofautiana kwa herufi kubwa, hivyo majina hayo yakawa *chlorproMAZINE* na *chlorproPAMIDE*. Jicho linavutwa moja kwa moja hadi mahali penye tofauti, badala ya kuridhika na mwanzo.

Fanya vivyo hivyo katika daftari lako: *prEscribe* na *prOscribe*, *hypER-* na *hypO-*, *successFUL* na *successIVE*, *conSCIENCE*, ambayo ni dhamiri, na *conSCIOUS*, ambayo ni kuwa na fahamu. Andika hivyo kwa wiki chache tu, katika maneno yanayokusumbua wewe na si katika orodha iliyotungwa na mtu mwingine, kisha rudi kwenye tahajia ya kawaida.

Kwenye karatasi unaelewa, kwenye sikio hupati

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo huingia katika Kiingereza bila kualikwa. Kwa Kiingereza mkazo huweza kulibadili neno. *Personal*, yenye mkazo mwanzoni, ni ya binafsi. *Personnel*, yenye mkazo mwishoni, ni wafanyakazi. *Desert* yenye mkazo mwanzoni ni jangwa, na ikiwa na mkazo mwishoni ni kitenzi cha kutoroka au kutelekeza, ambacho hapo hutamkwa sawasawa na *dessert*, kitamutamu kinacholiwa baada ya chakula. *Content* yenye mkazo mwanzoni ni yaliyomo, na yenye mkazo mwishoni ni kuridhika. Mzungumzaji wa Kiswahili anao mfano wake mwenyewe wa jambo hili: barabara ya magari na kufanya jambo barabara hutofautishwa na mkazo peke yake. Unapojifunza neno refu, lisikilize kwanza kutoka kwenye kamusi yenye sauti na upige mstari chini ya silabi yenye mkazo kabla ya kuandika maana.

Wale ambao lugha yao ya kwanza haitofautishi *l* na *r* wana kazi ya ziada na *collect* na *correct*. Mwalimu aliyesema amezi-*collect* daftari amezikusanya, na aliyesema amezi-*correct* amezisahihisha, na darasa zima litasubiri alama zisizokuwapo ikiwa sauti hiyo imepotea. Hapa kukariri maana hakusaidii, kwa kuwa maana zote mbili zinajulikana. Kinachohitajika ni mazoezi ya ulimi, tena ya sauti, mbele ya mtu atakayekwambia amesikia lipi.

Maana unaijua, kalamu inakosea

Mabango mengi ya maduka ya vifaa vya ofisi yameandikwa *stationary*, neno lenye maana ya kusimama mahali pamoja, badala ya *stationery*, steshenari tunayoijua. Matamshi ni yaleyale, hivyo sikio halisaidii, lakini historia inasaidia. Katika Ulaya ya zama za kati, *stationarius* alikuwa muuza vitabu mwenye kituo maalumu, tofauti na wachuuzi waliozunguka, na kutoka kwake akapatikana *stationer*. Huyo ni mfanyabiashara, na jina lake linaishia *-er* kama *baker* na *grocer*. Bidhaa zake ni *stationery*. Vivyo hivyo *complement*, kinachokamilisha, imeibeba *e* ya *complete*, na *compliment*, yenye *i*, ni sifa unayompa mtu.

Simu imeongeza chanzo kipya. Kibodi hupendekeza neno kwa kuangalia herufi chache za kwanza, na kidole hugusa pendekezo kabla jicho halijafika mwisho, ndipo barua inaposema *contact* imeambatishwa badala ya *contract*, au *quite* inapokaa mahali pa *quiet*. Programu ya kukagua tahajia haitakuonya, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Kwa nyaraka muhimu, tumia sehemu ya kutafuta maneno, andika herufi za mwanzo za jozi unazozijua kuwa zinakusumbua, na ukague kila mahali zinapojitokeza.

Neno lenyewe lina kasoro

Kuna wakati uchunguzi wote unaonyesha kwamba msomaji hana kosa. *Biannual* ni mara mbili kwa mwaka na *biennial* ni kila baada ya miaka miwili, na angalau hapo kamusi zinatofautisha. *Bimonthly*, hata hivyo, imekubaliwa na kamusi kwa maana zote mbili, mara mbili kwa mwezi na kila baada ya miezi miwili, na *biweekly* ina hali hiyohiyo. Hakuna mkazo, asili wala kiishio kitakachokuambia mwandishi alikusudia ipi. Ukiyakuta maneno haya katika mkataba wa kodi, ratiba ya mikutano au makubaliano ya mshahara, uliza kabla ya kutia sahihi. Na unapoandika mwenyewe, weka *twice a month* au *every two months*, au uziorodheshe tarehe zenyewe.